Aya Aliyoiruka Mkalimani

Pale Mchafukoge hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wenye maduka, walinzi wa magorofa, mama aliyepika chapati chini ya ngazi, wote walimwita Mkalimani. Hata mkewe akipiga simu dukani kwangu aliuliza, "Mkalimani yupo hapo?" Mimi nilimwita Mzee. Kwa miaka kumi na minne meza yake ilikaa mlangoni kwangu, upande wa kushoto, na mimi ndani nilikuwa na mashine ya kopi, kompyuta mbili na feni iliyokataa kugeuka. Yeye alitafsiri kwa mkono, mimi nikachapa. Wateja wengi walidhani ni mtu na binti yake. Hatukuwasahihisha.

Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, vifungo hadi shingoni, hata miezi ile ambayo jasho linakutoka ukiwa umekaa tu. Kabla hajagusa kalamu aliusoma waraka mzima kimya, midomo ikicheza, kisha akaufunika kwa kiganja na kutazama barabara kwa dakika kadhaa. Mteja mwenye haraka akilalamika alimjibu bila kugeuka, "Ngoja nijue kwanza nabeba nini." Talaka, vyeti vya kuzaliwa, ripoti za hospitali, barua za watoto waliopotelea Ulaya wakaibuka baada ya miaka ishirini, vyote vilipita pale mezani. Akikutana na neno asilolijua hakubahatisha. Aliinuka, akalifunga daftari lake kwa mpira, akaenda kumtafuta mtu anayelijua, awe fundi, nesi au baharia mstaafu kule Kivukoni. Niliwahi kumsubiri kutwa nzima kwa ajili ya jina la kifaa kimoja cha injini ya meli. Alirudi viatu vimejaa magamba ya samaki, uso unang'aa.

Hakutafsiri barua za mapenzi. "Hao waelewane wenyewe." Hakumtafsiria mtu aliyesimama, ilibidi ukae. Na hakuruka kitu. Hilo ndilo lililompa jina, ndilo lililofanya mahakimu na madaktari wamtume mtu kumwita hata walipokuwa na wakalimani wao wenye vyeti.

Kuna siku alirudi kutoka hospitalini shati limepasuka kwenye kola. Nikamkalisha, nikamtolea maji. Alikuwa ameitwa na daktari mgeni amweleze mama mmoja mtu mzima kwamba ini lake limeharibika na dawa hazitasaidia tena. Mtoto wa yule mama alikuwa amesimama pembeni, akamnong'oneza, "Mzee, mwambie ni vidonda vya tumbo." Yeye akamwambia mama kama daktari alivyosema, neno kwa neno. Kijana akamkaba.

"Ungemhurumia tu yule mama," nilimwambia huku nikimtafutia sindano na uzi.

"Nilimhurumia. Ndiyo maana sikumwibia."

"Umemwibia nini? Si maneno tu?"

"Yalikuwa maneno yake, Mama Rama. Yalitoka kwa daktari yakiwa yanamwendea yeye. Mimi nani niyakate njiani?"

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Mtu huyohuyo, nyumbani kwake, alikuwa mwongo wa mambo madogo madogo. Mkewe akimuuliza kama amekula alisema amekula, na kumbe tangu asubuhi ni kikombe cha kahawa. Aliacha kuvuta sigara mara tano mbele ya mkewe na hata mara moja mbele yangu hakuacha. Na alimwogopa shemeji yake. Sijui namna nyingine ya kulisema hilo. Mzee Seif, kaka wa mkewe, mkuu wa ukoo wao, alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili kuelekea Kariakoo. Alipokuwa akipita kwenda msikitini, Mkalimani alisimama. Angekuwa katikati ya sentensi, katikati ya hukumu ya mahakama, alisimama, akasema "Assalamu alaykum, shemeji," akangoja mpaka yule mzee apotee pale kona ndipo akae. Mara nyingi Mzee Seif aliitikia kwa kidole.

Bi Mwanaidi, mkewe, alitoka katika ukoo wa zamani wa pwani, watu wa asili ya Uarabuni na Uajemi, wenye shajara ya vizazi iliyotiwa kwenye fremu na kutundikwa sebuleni. Mkalimani alitoka bara. Wapi hasa, wala baba yake ni nani, sikuwahi kumsikia akisema, na nadhani ndani ya ukoo ule alijifunza mapema kutoyasema. Alikwenda kuposa akiwa karani mdogo, akakataliwa. Akaenda tena, akakataliwa. Walimpa mara ya tatu kwa sababu binti alikuwa ameacha kula. Walimpa mke, lakini mahali pa kukaa hawakumpa. Kwa zaidi ya miaka arobaini, kwenye kila harusi na kila hitima ya ukoo ule, alikaa mlangoni, karibu na viatu.

"Pale pana upepo," aliniambia akicheka, siku moja nilipomuuliza. "Wenzangu kule ndani wanatoka jasho."

Watoto wao wanne waliitwa "watoto wa Mwanaidi". Alimpenda mkewe kwa namna ambayo wanaume wa umri wake huwa wanaificha. Akinunua embe alilinusa kwanza, na kama halikuwa zuri alimrudishia muuzaji akisema, "Hili ni la mtu, bwana."

Sasa nieleze habari ya nyumba, maana bila nyumba haya mengine hayaeleweki.

Babu yao Bi Mwanaidi na Mzee Seif aliacha nyumba ya wakfu, nyumba ya chini yenye ua mpana, si mbali na duka langu. Aliiweka kwa ajili ya wanawake wa ukoo wake wasio na waume. Wakati ninaoueleza alibaki mmoja tu ndani, Bi Salma, mwanamke wa miaka sabini na ushei, aliyekuwa akishona kofia na kufundisha watoto wa mtaa kusoma juzuu. Bi Salma na Bi Mwanaidi walikuwa watoto wa ndugu wawili. Babu alikuwa mmoja, nyanya tofauti. Nyanya yake Bi Mwanaidi alikuwa mke wa ndoa. Nyanya yake Bi Salma alikuwa suria, mwanamke kutoka bara aliyenunuliwa enzi zile binadamu alipokuwa bado ananunuliwa. Mabinti hao wawili walilelewa ua mmoja. Bi Salma ndiye aliyemsuka mwenzake siku ya harusi yake.

Wanaume wa ukoo walitaka kuivunja nyumba wapandishe gorofa la maduka, kama yanavyopanda kila upande pale. Bi Salma alikataa kutoka. Ndipo wakaanza kusema kwamba babu aliiacha nyumba kwa wanawake wa damu ya ukoo, na damu ya Salma imechanganyika. Shehe wa msikiti wa mtaani aliwaambia waziwazi kwamba dini haijui jambo hilo, mtoto wa baba ni mtoto wa baba. Hawakubishana naye. Walimwambia tu wanasubiri wataalamu.

Wataalamu hao walikuwa watu wa vyuo, wa hapa nchini na wa nje, waliokuwa wakichunguza makaburi ya kale kwenye kisiwa kimoja kusini, pembeni ya magofu ya msikiti ambao ukoo ule unasema ulijengwa na mababu zao. Mzee Seif aliwaruhusu kwa sharti kwamba mifupa irudishwe palepale na isomewe. Walichukua jino hapa, jino pale, na kipande cha mfupa wa ndani ya sikio, ambao ni mgumu kuliko mifupa yote. Wanaukoo walio hai waliotaka walitoa mate yao. Mzee Seif alitema mate kwenye kichupa akiwa amevaa joho, wakampiga picha.

Majibu yalipotoka, wakaahidi kuja kuyaeleza mbele ya ukoo wenyewe, na karatasi ililetwa kwa Mkalimani aiweke katika Kiswahili. Sijapata kumwona amechangamka vile kwa kazi yoyote. Alizunguka kwa walimu wa sayansi siku tatu kutafuta maneno. Alikuja kunieleza mimi kama mtu anayefanya mazoezi.

"Sikiliza. Kuna kitu mama anampa kila mtoto wake, wa kike na wa kiume. Lakini ni binti tu anayekipeleka mbele. Na kuna kitu baba anampa mtoto wa kiume tu. Kwa hiyo ukiupata mfupa wa mtu aliyekufa karne nyingi zilizopita, unaweza kumfuata mama yake, na mama wa mama yake, mpaka huko. Na kama ni mwanamume, unamfuata na baba. Njia mbili, Mama Rama, ndani ya jino moja!"

Alifanya kazi ile kwa wiki nzima. Siku ya sita akanyamaza. Aliifunika karatasi kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri. Kesho yake akaniletea tafsiri nichape.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena kimepata kutu. Lakini kazi yangu ilikuwa kupanga karatasi mbili zilingane, ya Kiingereza kushoto, ya Kiswahili kulia, aya kwa aya. Kushoto nilihesabu aya saba. Kulia zilikuwa sita.

"Mzee, hapa pana aya imebaki."

"Haijabaki."

"Ya tano. Hii hapa, ndefu."

Hakuitazama. Alikuwa anakunja mkono wa shati lake, jambo ambalo hakulifanya kamwe. "Imeingia ndani ya ile ya nne. Chapa, binti yangu."

Hakuwahi kuniita binti yangu kabla ya siku hiyo. Nikachapa.

Mkutano ulifanyika uani kwenye nyumba ileile ya wakfu, chini ya turubai, asubuhi ya Jumapili. Nilikwenda kugawa nakala. Wanaume walikaa mbele kwenye mazulia, wanawake upande wa jikoni kwenye viti vya plastiki. Bi Mwanaidi alivaa dhahabu zake zote. Bi Salma alikaa kwenye kizingiti cha chumba chake mwenyewe, kama mtu aliyetembelewa na watu wengi mno. Na Mkalimani hakukaa mlangoni. Mzee Seif alimshika mkono mbele ya wote, akampeleka mpaka kwenye mto wa mahameli uliokuwa kando yake. "Kaa hapa, shemeji," alisema. "Leo wewe ndiye wetu." Nilimwona anavyokaa, taratibu, akikusanya magoti kama anayeogopa kuuchafua ule mto.

Mtaalamu aliyekuja kueleza alikuwa dada wa kigeni, mpole, amejifunga mtandio kwa heshima ya mahali. Alizungumza kidogokidogo, akisubiri tafsiri. Alisema kwamba wanaume wengi waliozikwa pale, ukifuata njia ya baba, inakwenda Uajemi na Uarabuni. Mkalimani akalisema hilo kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Wanaume wakapiga takbiri. Mzee mmoja alilia.

Yule dada akaendelea. Alizungumza kwa muda mrefu sasa, akionyesha kwa mikono, na mimi niliyesimama nyuma na bahasha yangu nikasikia neno "Africa" mara tatu, na neno la mama mara nyingi zaidi. Akanyamaza. Mkalimani akasema, "Anawashukuru kwa ukarimu wenu, na anasema mifupa yote imerudishwa kwa heshima."

Dada akaitikia kwa kichwa akitabasamu. Hakujua.

Kisha Bi Salma akasema kutoka kizingitini. Hakupaza sauti. "Mkalimani, muulize. Na mama zao je?"

Mzee Seif hakugeuka. Mkalimani alimwangalia Bi Salma, akaangalia upande wa wanawake, akamuuliza yule dada swali kama lilivyokuwa. Nakubali, swali alilifikisha. Dada akajibu kwa furaha, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilohilo, akarudia yale yote, Africa, Africa, akaweka mkono kifuani. Na Mkalimani akamgeukia Bi Salma.

"Anasema upande wa mama bado haujajulikana vizuri. Wanaendelea kuchunguza."

"Ahsante," akasema Bi Salma, akaingia ndani.

Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kizingiti chake. Kidato cha nne kilitosha. Ningeweza kusema, "Hapana, sivyo alivyosema." Nilikuwa na mdomo kama wao. Niligawa nakala zilizobaki.

Baada ya miezi minne walimtoa Bi Salma ndani ya nyumba. Walimletea barua, na karatasi yetu ya Kiswahili imebanwa nyuma yake kama ushahidi, ile niliyoichapa mimi, yenye aya sita. Barua ilisema upande wa baba umethibitishwa na wataalamu. Upande wa mama, kwa wale wasio na uthibitisho, ukoo hauwajibiki. Shehe alikwenda kuwakemea, wakamsikiliza kwa adabu na kumtolea chai. Vitu vya Bi Salma vilipakiwa kwenye Kirikuu moja, na gari halikujaa. Majirani walitoka kutazama. Bi Mwanaidi hakuonekana. Kaka yake alikuwa amemwambia asiende, na alizoea kumsikiliza kaka yake.

Tangu siku hiyo Mkalimani alibadilika, ingawa mtu asiyemjua asingeona. Alianza kukosea. Mteja mmoja alirudisha cheti cha ndoa kwa sababu jina la bibi harusi lilikosewa. Hakutazama tena barabara kabla ya kuanza. Alisoma mstari, akaandika mstari. Mzee Seif alipopita sasa alisimama kidogo kumpa mkono, akamwita ndugu, na nilimwona Mkalimani akiufuta ule mkono kwenye suruali chini ya meza.

Karibu na mwezi wa Ramadhani akaniambia, "Fungua ile kazi ya makaburi."

Aliisoma aya ya tano kutoka kwenye karatasi ya Kiingereza na kuitamka kwa Kiswahili moja kwa moja, mimi nikichapa. Haikumchukua robo saa. Aliomba nakala moja tu. Kisha akasema anakwenda Buguruni kwa Bi Salma, na kwamba si vizuri mwanamume kuingia chumbani kwa mwanamke anayeishi peke yake, kwa hiyo twende wote.

Bi Salma alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya gereji, kwenye nyumba ya vyumba vingi. Kelele za nyundo zilipita ukutani kama hakuna ukuta. Alikuwa amekonda, anakohoa, lakini alitandika mkeka, akatuambia tusivue viatu kwa sababu sakafu ina maji. Tulivua.

"Shikamoo, Bi Salma," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mkalimani, hujambo? Mwanaidi hajambo?"

"Hajambo," akasema. Akaitoa karatasi. "Nimekuletea kitu ambacho ni chako."

Akasoma. Nitaiandika hapa kama nilivyoichapa, maana ninayo mpaka leo.

"Tulipofuata njia ya mama, matokeo yalikuwa tofauti. Karibu watu wote waliozikwa pale, wakiwemo wale waliozikwa mahali pa heshima karibu na kibla, mama zao walikuwa wanawake wa Kiafrika wa pwani hii na bara yake. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaukoo walio hai waliotoa mate yao. Mifupa haiwezi kutuambia kama wanawake hao waliolewa kwa hiari yao au la. Inatuambia tu kwamba ukoo huu, tangu makaburi yake ya kwanza, ni watoto wao."

Nyundo ilikuwa inagonga. Bi Salma alisubiri inyamaze.

"Soma tena hapo pa kibla."

Akasoma tena.

"Kwa hiyo siku ile nilipouliza, alinijibu."

"Alikujibu."

"Na wewe ukala jibu langu."

Mkalimani aliinamisha kichwa. Nilidhani Bi Salma atatufukuza, na ningeona nafuu kama angetufukuza. Aliichukua ile karatasi, akaitazama, ingawa herufi za kizungu hakuzijua, alisoma za Kiarabu tu. Akamrudishia.

"Mimi sihitaji karatasi kujua nyanya yangu alikuwa mtu. Msomee Mwanaidi. Seif sina haja naye. Mwanaidi tulilala kitanda kimoja. Msomee yeye, kisha aje anione."

"Nitamsomea."

"Lini?"

"Nikifika nyumbani. Inshallah leo hii."

Tulirudi kwa miguu mpaka Ilala kwa sababu hakutaka kukaa karibu na watu ndani ya daladala. Njiani alisema jambo moja tu. "Miaka arobaini nimekaa mlangoni, Mama Rama. Nikaambiwa, kaa hapa. Ni mto tu ule. Umejaa pamba."

Hakumsomea. Sijui ni siku gani nilianza kulijua hilo. Nadhani ni pale Bi Mwanaidi aliponipigia simu kama kawaida, "Mkalimani yupo hapo?" na sauti yake ilikuwa ileile. Nilimuuliza mara moja. Akasema anatafuta siku nzuri, sukari ya mkewe iko juu, mwacheni kwanza mwezi uishe. Sikumuuliza tena. Na mimi sikwenda kumwambia Bi Mwanaidi, ingawa ni mwendo wa dakika tano.

Bi Salma alikufa mwaka uliofuata, msimu wa mvua, kwa kikohozi kilekile. Tulipata habari amekwisha kuzikwa. Wapangaji wenzake na mafundi wa gereji ndio waliomzika. Mkalimani alikwenda Buguruni kesho yake, akarudi udongo mwekundu kwenye viatu, akakaa mezani na kutafsiri leseni ya udereva. Wakati huo nyumba ya wakfu ilikuwa imekwisha kuvunjwa, na gorofa lilikuwa limefika ghorofa ya tatu.

Baadaye macho yake yaliharibika. Mtoto wa jicho, kisha kitu kingine nyuma ya jicho ambacho hakikutibika. Niliitoa meza yake mlangoni nikaiweka ndani, nikisema ataihitaji. Alikaa nyumbani, ghorofa ya pili, na mimi nilikwenda kumsomea magazeti siku za Jumapili.

Jumapili moja, mchana, nilimkuta amekaa wima, shati jeupe limepigwa pasi. Bi Mwanaidi alikuwa ametuletea chai na kaimati. Alipotaka kurudi jikoni, Mkalimani akamwita, si "mama" wala "mke wangu" kama alivyozoea. "Mwanaidi. Kaa."

Akakaa. Mkalimani akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa shati. Ilikuwa imelainika kama kitambaa. Akaninyooshea mimi.

"Msomee."

Nilitamani kukataa. Nilisoma. Nilipofika mahali pa kibla nilikunywa chai, nikaendelea mpaka mwisho. Bi Mwanaidi alisikiliza mikono ikiwa imelala mapajani. Alikuwa amezeeka zaidi sasa, dhahabu zimebaki bangili moja.

"Hii ndiyo karatasi ya siku ile?" akauliza.

"Ndiyo," akasema mumewe. "Sehemu niliyoiacha."

"Kwa nini ukaiacha?"

"Sikutaka uaibike."

Bi Mwanaidi alimgeukia mumewe. Kisha akasema polepole, kana kwamba anamweleza mgeni, "Nilizaa na wewe watoto wanne. Nilikula na wewe. Uliona nini kwangu kikakufanya udhani nitaona aibu?"

Mkalimani alipapasa meza akitafuta kikombe chake.

"Salma aliisikia?"

"Nilimsomea. Buguruni."

"Akasema nini?"

Mkalimani akageuza uso upande wangu. Bi Mwanaidi akanigeukia mimi. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Alisema nini?"

"Alisema usomewe wewe. Kisha uende ukamwone."

"Lini hiyo?"

"Mwaka juzi," nikasema. "Kabla ya Ramadhani."

Aliinuka. Alikusanya vikombe vyetu, changu kikiwa bado na chai, akavipanga kwenye sinia na kwenda jikoni. Tukasikia bomba limefunguliwa. Maji yalitiririka muda mrefu, na hatukusikia kikombe hata kimoja kikioshwa.

Niliaga. Mkalimani akasema atanisindikiza, na ingawa nilimkatalia alishika ukuta akashuka nami ngazi zote, kidato kwa kidato, jambo ambalo hakulifanya kwa miezi. Chini akaniambia nitangulie, yeye atapumzika kidogo. Akakaa kwenye kidato cha mwisho, mikono juu ya magoti. Nilimuuliza kama nimwite Bi Mwanaidi amsaidie kupanda.

"Usimwite," akasema. "Nikiitwa nitapanda."

Nilikwenda sokoni Kariakoo, nikanunua vitu vyangu, na wakati wa kurudi nikapita njia ileile. Alikuwa bado amekaa palepale. Wapangaji walikuwa wanampita wakipanda na kushuka, na kila aliyempita alimsalimia, naye aliinua uso kila mara kusikiliza sauti ni ya nani.